Visiki vya Bondeni kwa Mama Mkwe

Magoti yake ndiyo yaliyomwamsha siku hizo. Kabla jogoo hajafungua mdomo, goti la kulia lilianza kumchoma polepole, la kushoto likaitikia, naye akalala akitazama dari na kuyasikiliza kama mtu anayesikiliza wapangaji wakigombana chumba cha pili. Watu walimwita Bwana Visiki. Alikuwa na jina lake alilopewa na wazazi, lakini hata mchungaji wakati mwingine alisahau akamwita hivyohivyo mbele ya waumini, na watu wakacheka, naye akacheka.

Kazi yake ilikuwa kuua vichaka. Si maua wala magugu ya bustani, bali vile vichaka vigumu vya miiba vinavyoingia kwenye malisho kimyakimya, leo kimoja kando ya uzio, kesho kutwa viwili, mpaka siku moja mwenye ng'ombe anainua macho na kukuta malisho yamegeuka msitu. Vikiwa bado vichanga alivipulizia kwa bomba la mgongoni. Vikishakomaa alivikata chini kabisa na kupaka dawa kwenye kisiki kwa brashi ya rangi. Dawa yenyewe ilikuwa ya kuchagua. Ikigusa kichaka inashuka mpaka mizizini na kukimaliza. Ikigusa nyasi, nyasi zinakunja uso kidogo halafu zinaendelea na maisha yao. Alitia ndani yake rangi ya buluu ili ajue kisiki kipi amekwisha kukipaka, ndiyo maana kucha zake zilikuwa za buluu hata siku ya ibada.

"Wewe unavipigia magoti visiki kuliko unavyompigia Mungu," mkewe alizoea kumwambia jioni, akimchua kwa mafuta.

"Mungu hana miiba."

"Ndiyo maana humwogopi. Nyoosha mguu."

Kazi hiyo alikuwa ameifanya tangu ujanani, na alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Huu ulikuwa umehamia mwilini na kuweka vyombo vyake. Hakuwa ameusema kwa mtu, maana mtu anayelisha nyumba yake kwa magoti hawezi kuanza kuyasema vibaya.

Basi, mwaka huo mama mkwe wake alianguka.

Bibi huyo alikaa peke yake kwenye nyumba yake juu ya mteremko, na chini yake lilikuwa bonde la malisho lililokwenda mpaka kwenye maji. Alikuwa na ng'ombe watatu na ndama. Bonde lilikuwa limejaa miiba kiasi kwamba ng'ombe wakiingia huwaoni, unawasikia tu wakivunja matawi. Asubuhi moja ndama hakuonekana. Bibi akaingia kumtafuta, mguu ukateleza, akalala chini ya miiba mpaka alasiri, mwanawe alipokuja na kumkuta kwa kufuata sauti. Alikuwa anaimba tenzi za ibada ili asilale usingizi.

Jumapili iliyofuata familia ilikaa sebuleni kwake, kwenye viti vya plastiki. Bibi alikuwa kwenye kochi, mguu umefungwa bandeji na kuwekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwanawe wa kwanza, fundi umeme aliyeishi mjini, alikuwa amesimama. Yeye ndiye aliyekuwa shemeji wa Bwana Visiki, mtu mpole ambaye siku hizo uso wake ulikuwa umeshuka.

"Mama, mimi sigombani," alisema. "Nasema tu nimechoka. Simu yako isipopokewa mara mbili, naacha waya za watu zikining'inia, naendesha mpaka hapa nikidhani nitakukuta maiti."

"Na kila ukija ukanikuta hai, unakasirika."

"Safari hii ulikuwa chini ya miiba, mama!"

"Nilikuwa namtafuta ndama."

"Ndama alirudi mwenyewe. Wewe ndiye uliyepotea."

Binti, mkewe Bwana Visiki, akaziba mdomo asicheke. Bibi hakucheka.

"Mimi siendi kukaa mjini kwenye kochi la mtu kama mto wa kuegemea," alisema. "Hapa ndipo nilipoletwa nikiwa msichana, na hapa nina kazi."

Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwishoni fundi umeme akaenda mlangoni, akasimama kwenye kizingiti na kunyoosha kidole.

"Sikilizeni. Mvua zikiisha nitakuja, nitasimama hapahapa. Nikiona bonde zima mpaka kule kwenye maji, kwamba ukianguka mtu anakuona, nitanyamaza maisha yangu yote. Nisipoona, unafungasha. Tumekubaliana?"

Bibi alimtazama mkwewe. "Umesikia, mwanangu? Niko mikononi mwako. Baada ya Mungu."

"Nimesikia, mama."

"Na hiyo dawa yako inajuaje hizi ni nyasi na hiki ni kichaka? Ilisoma wapi?"

"Haijasoma, mama. Ndivyo ilivyotengenezwa. Nyasi zina uwezo wa kuivunja nguvu zikaendelea, kichaka hakiwezi."

"Shemeji, hebu nyunyiza na kwenye ukoo huu," alisema fundi umeme, akicheka kwa mara ya kwanza. "Wabaki wanaosikia."

"Ungetangulia wewe kunyauka," mama yake akamjibu.

Bwana Visiki aliahidi kuanza mara tu atakapomaliza kazi aliyokuwa nayo kwa mtu mwingine. Kazi ile ikachelewa. Alipofika kwa mama mkwe asubuhi moja, na panga, kopo na brashi, akaishia pale juu ya mteremko na kusimama.

Bonde lilikuwa limekwisha kukatwa.

Si lote, lakini sehemu kubwa. Vichaka vilikuwa vimelazwa chini mafungu mafungu, na visiki vimejaa kila mahali. Mama mkwe alikuja akichechemea, panga mkononi, jirani yake mmoja nyuma yake akifuta jasho kwa upande wa nguo. Mikono ya bibi ilikuwa na michubuko mpaka viwikoni.

"Tumekupunguzia kazi, mwanangu!" alisema, na uso wake uling'aa kama wa mtoto aliyefua nguo zake mwenyewe. "Tumekata juzi, tukakata na jana, leo tunakusanya matawi tu. Wewe ni kupaka tu."

Bwana Visiki aliinama, akakigusa kisiki kilichokuwa karibu kwa kidole gumba. Kilikuwa kikavu. Weupe wa mti uliokatwa ulikuwa umegeuka hudhurungi.

Hapo ndipo penye siri yote ya kazi yake. Kisiki kikikatwa kinabaki wazi kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko maji ya chai kuchemka, na katika muda huo ndipo dawa inapopokelewa na kuvutwa chini. Ukikiacha kinajifunga. Ukipaka baadaye umepaka rangi tu. Dawa unaiona imetulia juu kama maji kwenye sahani, na mizizi iko chini salama, haina habari.

Na namna ya kulirekebisha kosa hilo pia aliijua. Ilikuwa ni kukata kila kisiki upya, chini kidogo ya pale kilipokatwa, na kupaka papo hapo. Basi. Siku chache za kuinama.

Akainua macho na kulitazama lile bonde, visiki vimetapakaa mpaka kwenye maji. Magoti yakamwambia neno. Akamtazama mama mkwe na mikono yake iliyochanika.

"Mungu akubariki, mama," alisema.

Akapaka. Siku ile na iliyofuata alitembea kwa magoti kutoka kisiki hadi kisiki, akipaka buluu juu ya ukavu. Moyoni alijisemea kwamba mtu hamwambii mama mkwe amekosea. Alijisemea pia kwamba huenda vingine vitapokea, huwezi kujua, Mungu ni mkubwa. Sehemu iliyobaki, ile ndogo ambayo haikuwa imekatwa, aliikata mwenyewe na kuipaka kama inavyotakiwa. Jioni bonde lilikuwa na nukta za buluu kila mahali, lilipendeza kweli, na kabla ya chakula bibi aliinamisha kichwa na kumshukuru Mungu kwa kumpa mkwe asiyechoka. Bwana Visiki alisema amina bila kuinua uso.

Nyumbani alimweleza mkewe, maana kwake alikuwa hajawahi kuweza kuficha kitu.

"Na mama umemwambia?"

"Nitamwambia mvua zikikaribia."

"Zikikaribia utasema zikianza. Mwambie kesho, vikatwe upya."

"Alifurahi sana," alisema, na akageukia ukutani.

Mkewe alikaa na chupa ya mafuta mkononi. Angeweza kumpigia mama yake mwenyewe, na baadaye alijilaumu kwa nini hakupiga. Lakini neno hilo halikuwa lake, aliona ni la mumewe. Mafuta akayafunga.

Mvua zikaja, na zilikuwa nzuri. Visiki vilivyopakwa vikavu vilikaa kimya muda kidogo kama watu wanaopiga shauri, kisha vikaanza kutoa machipukizi, laini na mekundu kwenye ncha. Pale palipokuwa na shina moja pakawa na mashina kumi, membamba, yamebanana. Kwa kuwa mizizi ilikuwa ya zamani na yenye nguvu, machipukizi yalipanda haraka, kiunoni, kifuani, mpaka yakampita bibi kimo. Bwana Visiki alipunguza safari za kwenda kule. Alimtuma mkewe na sabuni na sukari, yeye akasema ana kazi upande mwingine, na kweli alikuwa nayo, kwa sababu aliitafuta.

Mvua zilipoisha, fundi umeme alikuja kama alivyosema. Walikuwa wote. Hakuingia hata kunywa maji. Alisimama kwenye kizingiti, akaweka kiganja juu ya macho.

"Naona paa la jirani," alisema polepole. "Naona miti ya ng'ambo. Ng'ombe siwaoni. Bonde lenyewe silioni, mama."

Hakusema kwa kushinda. Alisema kama mtu anayesoma majibu ya hospitali.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yake, kilemba chake kimefungwa vizuri. "Dawa ndiyo iliyoshindwa," alisema. "Dawa za siku hizi zinachakachuliwa. Na mtu asimlaumu mkwe wangu. Nilimwona kwa macho yangu akipaka kimoja kimoja kwa magoti, mpaka nikamwonea huruma. Huyu ni mtu mwaminifu."

Pangekuwa na shimo pale kwenye sakafu ya saruji, Bwana Visiki angeingia.

"Mama," alisema. "Dawa ilikuwa nzima."

Wote wakageuka.

"Visiki vilikuwa vikavu. Kisiki kinapakwa palepale kinapokatwa. Vile vilikuwa vimelala siku mbili. Vilikwisha kujifunga."

Bibi alikunja uso, akijaribu kukumbuka. "Nilivyokata mimi na jirani?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulijua, siku ile ulipofika?"

"Nilijua."

"Kabla hujapaka?"

"Kabla."

Mkewe alikuwa anatazama vidole vyake. Kule chini ng'ombe mmoja alivunja tawi.

"Kulikuwa na la kufanya?" bibi aliuliza.

"Kuvikata upya, chini kidogo. Na kupaka hapohapo."

"Hilo tu."

"Hilo tu. Nilikustahi, mama. Mikono yako ilikuwa imechanika. Niliona nikisema nitakuwa nimekuvunjia heshima."

Bibi alivuta kiti cha plastiki akakaa. Aliposema, sauti yake haikupanda, na ingekuwa afadhali ingepanda.

"Mwanangu, mimi nina mikono. Ungesema siku ile, ningeinama nawe tukavikata tena. Jirani naye angeinama. Wewe hukunistahi. Ulichoka, ukauvika uchovu wako nguo ya heshima, ukauleta mbele yangu niuamkie."

Neno hilo lilimpata Bwana Visiki, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa hajalijua mpaka aliposikia likisemwa, na sasa hakuweza tena kutolijua.

"Mama, labda tungeongeza muda," fundi umeme alisema. Mwenyewe alishangaa kujisikia anasema hivyo.

"Hapana. Tulikubaliana. Niliitikia kwa mdomo wangu mbele ya Mungu." Akasimama, akaenda chumbani kufungasha. Mlangoni akamgeukia mkwewe. "Ng'ombe utawaangalia. Na utakaponipigia simu kuniambia habari za bonde, niambie lililopo."

Akaenda mjini, begi mapajani, amekaa kwenye kiti cha mbele bila kuangalia nyuma.

Bwana Visiki alihamishia maisha yake kule bondeni. Machipukizi yenye majani mengi yana faida moja: yanakunywa dawa ya kupulizia vizuri. Kila asubuhi umande ukishakauka na kabla upepo haujaamka, alijaza bomba, akalivaa, mikanda ikamkata mabega palepale ilipozoea, akaingia. Kushoto, kulia, mpaka jani lilowe bila kudondosha. Upepo ukianza anaacha, maana karibu na nyumba kulikuwa na kitalu cha maharage cha mama mkwe, na dawa ya kuchagua haichagui kwa huruma: maharage kwake ni kichaka tu. Vile vilivyokuwa karibu na kitalu hakuvipulizia. Alivikata kimoja kimoja, na kila panga lilipopita, brashi ilifuata.

Baada ya muda majani yakaanza kujikunja, ncha zikapinda kama vidole vya mtu mwenye baridi. Nyasi chini yake zikasimama.

Kila Jumapili, baada ya ibada, alipiga simu.

"Habari za bonde?" bibi aliuliza mara tu salamu zilipokwisha.

"Upande wa juu umekauka, mama. Nimekwangua ganda, ndani ni kahawia. Upande wa maji bado. Nikikwangua naona kijani."

"Kingi?"

"Kingi."

"Asante."

Jumapili nyingine alisema, "Upande wa juu kuna vitatu vimerudi. Nilidhani vimekufa, nilikosea." Akasubiri. Kwa mbali alisikia televisheni ya shemeji yake na mlango wa kabati ukifungwa.

"Umesema ulikosea?"

"Ndiyo, mama."

"Haya." Kisha, "Hapa hata kuku wa kumfokea hakuna. Namfokea mwanangu, na yeye ananiitikia 'ndiyo mama' tu, hana ladha."

Kiangazi kilipokuwa kimeingia vizuri, bibi akataka kuja kulitazama bonde kwa siku moja. Fundi umeme alimleta. Alipofungua mlango wa nyuma wa gari akaliona begi.

"Mama, tumekuja kwa siku moja. Begi la nini?"

"Nguo zangu haziwezi kulala peke yao."

Alishuka bondeni akiwa na fimbo, Bwana Visiki hatua moja nyuma yake, akiogopa kumshika mkono na akiogopa kutomshika. Upande wa juu alivunja matawi, yakakatika kwa mlio mkavu. Wakafika upande wa maji. Pale vichaka vilikuwa vifupi, vimedhoofika, lakini hai. Bibi aliinama, akakwangua ganda kwa ukucha.

"Kijani," alisema.

"Kijani, mama. Hivi bomba halijaviweza. Ni vya kukata."

"Panga liko wapi?"

"Mama, mguu wako..."

"Nimeuliza panga."

Akampa. Yeye akachukua kopo na brashi. Bibi alikata kichaka cha kwanza, chini kabisa, akasogea. Bwana Visiki alipiga goti na kupaka; buluu ikaingia kwenye weupe wa mti uliolowa.

"Sasa?" bibi aliuliza.

"Sasa, mama."

Akakata cha pili. Waliendelea hivyo, yeye mbele, mkwewe nyuma, kama watu wanaofua, mmoja anasuuza mwingine anaanika. Hawakwenda haraka. Kila baada ya vichaka kadhaa bibi aliegemea fimbo na kuhema, na Bwana Visiki naye alishukuru kimoyomoyo, maana magoti yalikuwa yanamlilia.

"Ungeniambia siku ile 'mama, umekosea', ningekasirika," bibi alisema bila kumtazama.

"Najua."

"Ningekasirika mpaka jioni. Ningekunyima hata chai. Kesho yake ningekuwa nimesahau." Akainua panga. "Goti lipi linalokuuma?"

"Yote."

"Pole, mwanangu. Weka gunia chini ya hilo goti, hukuzaliwa na chuma."

Kule juu, fundi umeme alikuwa amekunywa chai na dada yake, amekagua swichi zote za nyumba, amekosa la kufanya. Jua lilikuwa limeanza kushuka na barabara ya kurudi ilikuwa ndefu. Akatoka mlangoni kuwaita.

Akasimama kwenye kizingiti. Matawi makavu yalikuwa yamesimama mahali mahali, hayana jani, na katikati yao nyasi. Aliwaona ng'ombe, mmoja amelala, wawili wakila. Akamwona shemeji yake amepiga goti juu ya gunia. Akamwona mama yake, kilemba chake, fimbo yake, hata alipoinua mkono kufuta jasho.

"Mama!" aliita. "Jua linakwenda!"

"Nakuona!" sauti ikapanda kutoka kwenye maji, ya kukwaruza na ya kuchoka. "Usinipigie kelele, mimi si kiziwi!"

Alitaka kuita tena. Alikuwa na maneno tayari, kuhusu barabara, na mguu, na kazi ya kesho. Akayaangalia yale maneno na kuona hana nguvu ya kuyabeba mpaka chini, na kuyabeba tena mpaka juu.

Akaenda kwenye gari, akalitoa begi, akaliingiza ndani na kuliweka juu ya kitanda cha mama yake.